Maswali na Majibu: Kipokezi cha televisheni kinawaka taa, picha haiji

Barua kadhaa zilizotufikia mwezi huu zinahusu vile vidude vidogo vya USB vinavyogeuza kompyuta kuwa televisheni, na waandishi wake wote wanatumia Linux. Tumezichapa pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamsaidia mwenzake. Msomaji wa Tabata amepewa nafasi kubwa kuliko wengine, kwa kuwa tatizo lake lina tabaka tatu, na kila ukibandua moja unakuta jingine chini yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Tabata. Nina laptopu ya zamani niliyoiwekea Linux Mint baada ya Windows kuwa nzito mno. Nilinunua Kariakoo kipokezi cha televisheni cha USB ambacho boksi lake limeandikwa DVB-T2, na ndani mlikuwa na antena fupi yenye sumaku, rimoti na CD ya Windows. Muuzaji aliniambia ni kuchomeka na kuangalia. Nimechomeka na taa imewaka, lakini nikiiambia programu ya Kaffeine isachi chaneli, inakwenda mpaka mwisho bila kupata hata moja. Nimerudi dukani, nikaambiwa kwamba kwenye Windows kinafanya kazi na kwa hiyo hakirudishwi. Je, nimetapeliwa, au ni Linux isiyoweza kazi hii? — Msomaji, Tabata Segerea.

JIBU: Ndugu yetu, hujatapeliwa, na Linux haina upungufu huo unaoudhania. Kwa kuwa ulikubali kutuachia kidude chenyewe kwa siku mbili, majibu yetu hayatokani na kukisia. Tulikichomeka, tukakisoma, tukakifungua kwa kisu cha mezani na kukifunga tena kikiwa kizima, isipokuwa ukingo mmoja wa plastiki umepata kovu, na kwa hilo tunaomba radhi.

CD iweke pembeni, haitakusaidia. Katika Windows, draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, huletwa na mtengenezaji wa kifaa. Katika Linux, draiva za televisheni ya kidijitali zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na nyingi zimeandikwa na watu waliojitolea, mmojawapo akiwa Antti Palosaari wa Finland, ambaye jina lake utalikuta juu ya mafaili mengi ya vipokezi vya aina yako. Kwa sababu hiyo jina la biashara lililochapwa kwenye boksi halina uzito wowote. Kerneli haisomi boksi. Inachosoma ni namba ya utambulisho wa USB, kisha inauliza ni chipu zipi zilizomo ndani, na ni hizo chipu zinazoamua kama utaona picha.

Fungua dirisha la amri, andika «lsusb» kabla ya kuchomeka kidude, kisha uandike tena baada ya kukichomeka, na mstari utakaokuwa umeongezeka ndio wenyewe. Wa kwako ulisomeka 15f4:0131. Tarakimu nne za mwanzo ni za kampuni iliyosajili namba hiyo na nne za mwisho ni za bidhaa. Kama kusingeongezeka mstari wowote, tungeishia hapo na kusema kwamba tundu la USB au kidude chenyewe ni kibovu, nawe ungekuwa na haki ya kurudi Kariakoo na kuzungumza kwa sauti. Lakini mstari ulikuwepo, na namba hiyo inajulikana na draiva iitwayo dvb_usb_rtl28xxu, ambayo Linux Mint inakuja nayo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuisikiliza kerneli ikizungumza. Amri ya «sudo dmesg -w» huacha dirisha wazi na kuchapa kila jambo kerneli inapolibaini. Ukichomeka kidude huku dirisha hilo likiwa wazi, utaona mistari ikimiminika kwa sekunde moja hivi kisha inatulia. Katika mistari hiyo tuliona kwamba kifaa kimesajiliwa kama adapta namba 0, na kwamba kina milango miwili: frontend 0, ambao ni wa Realtek RTL2832, na frontend 1, ambao ni wa Panasonic MN88473. Ukiandika «ls /dev/dvb/adapter0» utaiona milango hiyo kwa majina ya frontend0 na frontend1, ikiwa pamoja na mafaili mengine kama demux0 na dvr0.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo lako, yaani tabaka la kwanza, na ndiyo sababu tulitaka kukifungua kidude ili tujiridhishe kwa macho. Ndani yake, kwa msaada wa kamera ya simu iliyokuzwa, tulisoma maandishi juu ya chipu tatu. Ya kwanza ni R828D, yaani tyuna, ambayo kazi yake ni kunasa mawimbi ya antena na kuchagua masafa. Ya pili ni RTL2832P ya Realtek, inayozungumza na kompyuta kupitia USB, na ambayo pia inaweza kufasiri mawimbi ya DVB-T, yaani mfumo wa zamani. Ya tatu ni MN88473 ya Panasonic, na ni hiyo peke yake inayofahamu DVB-T2, yaani mfumo mpya. Kwa maneno mengine, kidude chako kina sikio moja na wakalimani wawili, na mkalimani anayekaa mlango wa kwanza hajui lugha inayozungumzwa hapa mjini. Programu nyingi za televisheni, zisipoambiwa vinginevyo, hugonga mlango namba 0. Kaffeine yako iligonga hapo, ikamuuliza yule asiyejua T2, naye kwa uaminifu kabisa akajibu kwamba hajasikia kitu.

Tukumbushane kwa nini mjini petu ni T2. Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, siku ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa foleni za kununua ving'amuzi. Kabla ya hapo, mwaka 2010, nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilikuwa zimekubaliana kuhusu DVB-T2 na ubanaji wa picha wa MPEG-4. DVB-T2 si toleo lililopigwa rangi la DVB-T. Namna ya kupanga data ndani ya mawimbi imebadilishwa, na chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa zamani haiwezi kufundishwa mfumo mpya kwa kubadilisha programu.

Ili kuhakikisha mlango upi unajua nini, weka kwanza zana zake kwa amri ya «sudo apt install dvb-tools», kisha andika «dvb-fe-tool -a 0 -f 0» na usome orodha ya mifumo inayotajwa. Baadaye badilisha 0 ya mwisho iwe 1. Kwa kidude chako, mlango wa kwanza ulitaja DVBT peke yake, na wa pili ukataja DVBT, DVBT2 na DVBC. Tangu hapo kila amri tuliyoitoa ilibeba «-f 1».

Tabaka la pili lilijitokeza tulipojaribu kusachi kupitia mlango huo sahihi. Katika dirisha la dmesg, ambalo tulikuwa tumeliacha wazi, uliruka mstari uliosema kwamba faili la dvb-demod-mn88473-01.fw limeshindwa kupakiwa kwa kosa namba -2. Kosa hilo kwa lugha ya kerneli maana yake ni kwamba faili halipo. Chipu ya Panasonic haina kumbukumbu ya kudumu ya kujiendeshea. Kila inapoamshwa inahitaji kumiminiwa programu yake ndogo ya ndani, ambayo mafundi huiita fimwea, na kerneli huitafuta katika folda ya /lib/firmware. Mtego uliopo ni kwamba fimwea hii haiombwi wakati wa kuchomeka, bali wakati mlango unapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Mtu anayesoma dmesg mara baada ya kuchomeka anaona kila kitu ni shwari, anafunga dirisha, kisha anahangaika wiki nzima bila kujua kwamba lalamiko limeandikwa dakika tano baadaye.

Fimwea hizo ni mali ya watengenezaji wa chipu, kwa hiyo usitegemee kwamba distro yako, yaani toleo lako la Linux, inayo kila moja. Mradi wa LibreELEC umezikusanya mahali pamoja kwa ajili ya vipokezi vya aina nyingi, na ni huko tulikochukua faili letu. Lina ukubwa mdogo, hata bando la siku linatosha. Tulilinakili kwa «sudo cp» hadi /lib/firmware, tukachomoa kidude na kukichomeka upya, na safari hii dmesg haikulalamika.

Tabaka la tatu ni masafa. Unaweza kuiachia programu ipite UHF yote, lakini ni afadhali kuiambia kompyuta wapi pa kutega sikio, maana ukikosa utajua kwa hakika kwamba tatizo ni mawimbi. Kama nyumbani au kwa jirani kuna king'amuzi cha antena, fungua menyu yake ya taarifa za mawimbi. King'amuzi kitakuonesha ama masafa yenyewe kwa megahezi, ama namba ya chaneli ya UHF. Ukipewa namba, izidishe kwa 8 kisha ujumlishe 306, na jibu ndilo masafa ya katikati. Chaneli ya 30, kwa mfano wa hesabu tu, ni 240 kujumlisha 306, yaani megahezi 546. Kisha tengeneza faili la maandishi, tuliite dar.txt, lenye mstari wa [CHANNEL], na chini yake mistari ya FREQUENCY = 546000000, BANDWIDTH_HZ = 8000000 na DELIVERY_SYSTEM = DVBT2. Kila masafa uliyoyapata yawe na fungu lake. Mambo mengine, kama aina ya moduleshini, chipu huyagundua yenyewe. Amri ya «dvbv5-scan -a 0 -f 1 -o chaneli.conf dar.txt» ndiyo inayofanya kazi yote iliyobaki.

Mara ya kwanza hatukupata kitu, kwa sababu tulikuwa tumeibandika ile antena yenye sumaku kwenye kabati la chuma ofisini, tukiwa tumezungukwa na nondo na zege. Tulipounganisha waya wa antena ya juu ya paa, masafa mawili yalikubali papo hapo na orodha ya chaneli ikaandikwa. Kuangalia kulihitaji madirisha mawili: katika moja tuliandika «dvbv5-zap -a 0 -f 1 -c chaneli.conf -p» tukifuatisha jina la chaneli kama lilivyo ndani ya faili, na katika jingine «mpv /dev/dvb/adapter0/dvr0», mpv ikiwa ni programu ya kuchezesha video. Picha ilikuja baada ya sekunde tatu nne. Ni njia ya kifundi na wala haipendezi kwa mtu anayetaka kukaa kochini na rimoti, lakini inafaa kwa uchunguzi kwa sababu haina cha kuficha. Kwa matumizi ya kila siku tunakushauri uweke Tvheadend, programu ya kupokea, kurekodi na kusambaza televisheni, ambayo huonesha kila mlango kama kifaa kinachojitegemea. Wa Realtek uache ukiwa umezimwa, wa Panasonic uuwashe.

Neno moja kwa wanaokusudia kununua kipokezi kama hiki. Namba ya 15f4:0131 imetumika kwa vidude vyenye MN88472, vyenye MN88473 na hata vyenye chipu ya Sony CXD2837ER, vyote vikiwa na umbo na boksi linalofanana, na kila chipu ya Panasonic ina faili lake la fimwea. Vipokezi vyenye Si2168 ya Silicon Labs, kama vile baadhi ya vile vya MyGica na Hauppauge, navyo huhitaji fimwea lakini vina mlango mmoja tu kwa kila tyuna, jambo linalopunguza fujo. Muuzaji hawezi kukwambia lolote kuhusu haya, na si kosa lake. Nenda na laptopu yako, uombe kuchomeka palepale kaunta na uandike lsusb na dmesg kabla ya kutoa pesa. Tumefanya hivyo zaidi ya mara moja, na jambo baya kuliko yote lililotupata ni kutazamwa kama wachawi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa Kigamboni. Ninacho kile kipokezi cha RTL-SDR, lsusb inasema 0bda:2838, nacho hukitumia kusikiliza redio za FM na kufuatilia ndege zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere. Nimesoma kwamba asili yake ni kipokezi cha televisheni. Mbona nikikitumia kwa televisheni hakipati kitu? Na je, kwa kuwa ni redio inayoendeshwa na programu, siwezi kupata programu ya kukifanya kisome T2? — Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Marahaba kijana wetu. Ulichosoma ni kweli. Chipu ya RTL2832U ilitengenezwa kwa ajili ya DVB-T, na mwaka 2012 watu wa Linux waligundua kwamba inaweza kuamriwa itoe mawimbi ghafi bila kuyafasiri, na hapo ndipo ilipozaliwa redio ya bei nafuu unayoichezea. Lakini kama tulivyomweleza ndugu wa Tabata, DVB-T si DVB-T2, na ndani ya kidude chako hakuna mkalimani wa pili.

Wazo lako la kutafuta programu ni zuri, ila linagonga ukuta wa upana. Kidude hicho hutoa sampuli takribani milioni 2.4 kwa sekunde bila kupoteza data, na ukikilazimisha sana hufika milioni 3.2 huku kikidondosha. Hiyo ina maana kwamba unaona kipande cha masafa chenye upana wa megahezi mbili na kitu. Chaneli moja ya televisheni katika UHF yetu ina upana wa megahezi 8, na data zimetawanywa katika upana wote huo. Ni sawa na kutaka kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo bila kuruhusiwa kulisogeza. Ukitaka kufanya kazi hiyo kwa programu utahitaji redio pana zaidi na yenye bei kubwa zaidi, pamoja na kompyuta yenye nguvu, ilhali kipokezi cha kawaida cha T2 kinaifanya kwa chipu ndogo kuliko ukucha.

Ukija kununua hicho cha T2, kumbuka jambo hili litakalokusumbua wewe kuliko wengine. Ulipoweka programu za rtl-sdr, inawezekana kabisa kwamba katika folda ya /etc/modprobe.d liliwekwa faili linaloizuia draiva ya dvb_usb_rtl28xxu isijipakie, kwa kuwa redio na televisheni haziwezi kukamata kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Kipokezi kama cha ndugu wa Tabata kinategemea draiva hiyohiyo. Utachomeka, lsusb itakiona, lakini folda ya /dev/dvb haitatokea kamwe na dmesg haitaitaja draiva hiyo. Tafuta mstari unaoanza na neno blacklist, uweke alama ya # mbele yake, kisha uwashe upya kompyuta.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu amenifungia televisheni kwenye kompyuta na inafanya kazi vizuri asubuhi. Jioni taarifa ya habari ikianza, picha inakatikakatika vipande vya mraba na sauti inakwaruza, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Kijana anasema tununue busta. Nifanyeje? — Mama wa Mbagala.

JIBU: Mama, busta isubiri kidogo. Zamani mawimbi yakipungua tuliona chenga lakini tuliendelea kuangalia; katika dijitali picha ni nzuri mpaka ukingoni, kisha inavunjika ghafla. Kinachobainika hapa ni kwamba mnaishi karibu sana na huo ukingo, na jambo dogo tu linawasukuma ng'ambo.

Mwambie kijana aache amri ya dvbv5-zap ikiendelea na atazame namba iliyoandikwa C/N, ambayo huonesha kwa desibeli jinsi mawimbi yalivyoizidi kelele. Asubuhi aiandike mahali, na jioni aiandike tena picha inapovunjika. Kisha aanze na mambo yasiyogharimu. Akague maungio ya waya juu ya paa, kwa sababu maji yakiingia ndani ya kebo hushuka polepole hadi chini, na kebo iliyolowa haikauki kirahisi hata jua likiwaka. Kama shaba imegeuka kijani au nyeusi, kata kipande hicho na ufunge kichwa kipya. Kama waya mmoja umegawanywa ili ulishe king'amuzi na kompyuta, kigawanyaji kimekula nusu ya nguvu, basi jaribuni kuupeleka moja kwa moja. Halafu atazame antena za majirani: nyingi zikielekea upande mmoja na ya kwenu imegeuzwa na upepo, jibu limeshapatikana.

Kuhusu jioni, tunazishuku taa na chaja. Chaja za bei ya chini na baadhi ya taa za LED hutoa kelele ya redio, na jioni ndipo kila nyumba inapoziwasha. Laptopu nayo ina kelele yake, kwa hiyo kipokezi kisikae kimegandana nayo. Kebo ya kurefushia USB ya mita moja hukisogeza mbali na mara nyingi huongeza desibeli mbili tatu, kiasi ambacho kwa hali yenu kinaweza kutosha.

Busta inayofungwa chini, karibu na kompyuta, hukuza mawimbi pamoja na kelele iliyokwisha kuingia njiani, na mkiwa karibu na mnara inaweza hata kukizidisha kipokezi kikaziba kabisa. Ikilazimu, inunuliwe ile ya kufungwa juu kwenye nguzo karibu na antena, pamoja na umeme wake, kwa kuwa vipokezi vingi vya USB havipeleki umeme kwenye waya wa antena.

SWALI: Kompyuta yangu imeorodhesha chaneli nyingi, lakini zaidi ya nusu ni giza tupu. Kuna namna ya kuzifungua? — Msomaji, Kimara.

JIBU: Chaneli hizo zimefumbwa na kampuni ya king'amuzi, na ufunguo uko kwenye kadi au ndani ya king'amuzi chake, kipokezi chako hakina pa kuuweka. Kinachowachanganya wengi ni kwamba chaneli kuwa ya bure na chaneli kutofumbwa ni mambo mawili tofauti, kwa maana king'amuzi kinaweza kukufungulia chaneli bila kukudai hata senti, ilhali mawimbi yake yamefumbwa vilevile. Katika Tvheadend, ukifungua orodha ya huduma utaona zilizofumbwa zikiwa na alama yake. Zifute ili zisikusumbue. Programu zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya kuzifungua hatuzizungumzii katika safu hii.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Sinza. Nataka kuweka kipokezi kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ili mke wangu aangalie sebuleni, watoto chumbani kwa simu, nami nirekodi vipindi vya elimu. Kipokezi kimoja kitatosha? — Mwalimu, Sinza.

JIBU: Mwalimu, inategemea chaneli mnazozipenda zinakaa wapi. Masafa mamoja ya dijitali, yaani maltipleksi moja, hubeba chaneli nyingi zikiwa zimefungwa pamoja kama abiria wa basi moja. Tyuna moja hukamata basi moja kwa wakati, lakini ikishalikamata inaweza kuwatoa abiria wote. Mama akiangalia chaneli moja na watoto nyingine zilizo katika maltipleksi ileile, nawe ukirekodi ya tatu humo humo, kipokezi kimoja kinawatosha nyote. Mmoja wenu akitaka chaneli ya maltipleksi nyingine, atagombana na wenzake, na hapo ndipo utakapohitaji kipokezi cha pili au kile chenye tyuna mbili ndani. Kabla ya kununua, fungua Tvheadend kwenye kivinjari kwa kuandika anwani ya Pi ikifuatiwa na :9981 na uone chaneli zako zimegawanyika vipi.

Ukiweka Ubuntu kwenye Pi, katika baadhi ya matoleo draiva za televisheni hazimo katika usakinishaji wa kawaida. Kama toleo lako ni la aina hiyo, ongeza pakiti ya linux-modules-extra-raspi, la sivyo utafuata maelekezo yote ya ukurasa huu bila kuona /dev/dvb. Tumia adapta ya umeme iliyokusudiwa kwa Pi hiyo, si chaja ya simu, kwa sababu kipokezi hupata joto na hula umeme, na Pi inayokosa umeme wa kutosha hukidondosha bila kusema.

Rekodi usiziweke kwenye kadi ya SD. Chaneli inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hujaza takribani megabaiti 900 kwa saa, na kadi inayoandikwa mfululizo huku umeme ukikatika mara kwa mara haidumu. Funga diski ya nje yenye umeme wake, uielekeze Tvheadend huko, na kama una UPS ndogo ya kompyuta, chomeka humo Pi, diski na ruta.